Gari kuukuu uani: tulitengeneze bila kuiumiza familia

Katika mitaa yetu mingi si ajabu kukuta gari la zamani limeegeshwa uani chini ya mwembe, boneti likiwa wazi na magurudumu yameondolewa. Huenda ni Peugeot 504, Land Rover ya miaka ya sitini, au Volkswagen ile yenye umbo la kobe. Mwenyewe si fundi wa kazi hiyo. Ni mwalimu mstaafu, karani au kijana aliyerithi gari la babu yake, na kila Jumamosi huvaa ovaroli, akachukua spana na kuingia kazini.

Magari haya yana heshima yake kwetu. Wazee bado wanakumbuka jinsi Peugeot 404 zilivyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 zikafuata mwaka 1975 na 1978. Tena kazi yenyewe ina faida. Baba yupo nyumbani, watoto wanajifunza kutumia mikono, na kitu kilichokuwa chuma chakavu kinapata uhai tena. Kwa hiyo hatuandiki makala haya ili kumkataza mtu. Tunaandika kwa sababu moja: gereji ya mtu huyu ni nyumba yake. Fundi wa mjini akifunga kazi huacha vumbi na mafuta kule gereji. Fundi wa uani hufanya kazi pale watoto wanapocheza, mama anapoanika nguo na kuku wanapodonoa. Hatari anayoileta haimpati yeye peke yake.

Tuzitazame hatari hizo moja baada ya nyingine.

1. Gari linapoinuliwa

Hatari hii huua papo hapo. Jeki imetengenezwa ili kuinua gari, siyo kulishikilia mtu akiwa chini yake. Ile Volkswagen tunayoiona ndogo ina uzito wa kilo 700 na zaidi; Land Rover hupita kilo 1,300. Jeki ikiteleza, hakuna nguvu ya binadamu itakayolizuia gari.

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu. Weka stendi za chuma mahali pagumu pa chesi, kwenye sakafu imara na tambarare. Kama ni udongo, tandika kwanza mbao nene na pana. Zuia kwa vigingi magurudumu yaliyobaki chini. Tofali na bloku hazifai hata kidogo, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Kabla ya kuingia, lisukume gari kwa mkono uone kama linatikisika. Na mtu mzima mmoja nyumbani ajue kwamba uko chini ya gari.

2. Vumbi la breki na klachi

Katika magari ya zamani, breki, klachi na baadhi ya gasketi zilitengenezwa kwa asbestosi, madini yenye nyuzi ndogo sana yasiyoungua kwa urahisi. Breki ikilika, nyuzi hizo hubaki kama vumbi ndani ya ngoma. Mafundi wengi wakishafungua ngoma hulipuliza vumbi hilo kwa mdomo au kwa kompresa. Hapo ndipo wanapolivuta.

Nyuzi zikifika ndani ya mapafu hukaa humo. Madhara yake ni mapafu kukakamaa, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka. Ubaya wake ni kwamba ugonjwa huchelewa: huweza kutokea miaka 20, 30 au 40 baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau breki alizozifungua. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba aina zote za asbestosi husababisha saratani. Wapo pia wake wa wafanyakazi walioupata ugonjwa huu kwa kufua nguo za waume zao.

Hivyo usipulize, usifagie na usipige msasa breki kuukuu. Lowesha ngoma kwa maji yenye sabuni, pangusa kwa tambara bichi, kisha tia tambara hilo na breki kuukuu katika mfuko wa plastiki na kuufunga vizuri. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, yenye alama ya P3. Kitambaa hakizuii nyuzi hizi. Unaponunua breki mpya, uliza zisizo na asbestosi. Ovaroli ifuliwe peke yake, nayo iloweshwe kabla ya kukung'utwa.

3. Risi katika rangi na masizi

Rangi nyingi za magari ya zamani zilichanganywa na risi. Petroli nayo ilikuwa na risi kwa miaka mingi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Lakini gari lililotumia petroli hiyo bado huwa na mabaki ya risi katika masizi ya injini na ya bomba la moshi.

Risi ni sumu ya ubongo, na adui yake mkubwa ni mtoto. Mtoto mdogo akimeza risi, mwili wake huweza kuinyonya mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Haonyeshi dalili mapema. Baadaye hupungukiwa damu, huwa mzito wa kujifunza, na wazazi hudhani ni uvivu. Hakuna kiwango cha risi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Basi, rangi kuukuu isikwanguliwe pakavu. Tumia msasa wa maji, tandika turubai chini, kusanya takataka zote, na watoto wakae mbali mpaka uani pameoshwa. Oga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto au kuketi mezani.

4. Kupulizia rangi mpya

Baada ya puti na msasa, kila mtu hutamani gari ling'are. Rangi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kukaushia huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti. Mvuke na matone yake huweza kuleta pumu kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua kifua maisha yake yote. Pumu hiyo ikishaanza, hata kiasi kidogo sana cha rangi hiyo huweza kumwamsha mgonjwa usiku akihema.

Kwa rangi za namna hii mafundi wenye vifaa hutumia kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Kwa hiyo kazi zote fanya mwenyewe ukipenda, lakini kupulizia rangi hii mpelekee mwenye chumba na vifaa. Fedha utakayolipa ni ndogo kuliko gharama ya dawa za pumu za kila mwezi.

5. Moshi usioonekana

Injini ikiwaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hujishika mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200, na mwili hukosa pumzi huku mtu anavuta hewa kama kawaida. Gari la zamani lenye kabureta, hasa likiwa baridi na choki imevutwa, hutoa hewa hiyo kwa wingi.

Usiwashe injini ndani ya banda, hata kama mlango uko wazi, wala karibu na dirisha la chumba cha kulala. Wenye Volkswagen ya kobe wajue pia kwamba hewa ya kupasha joto ndani ya gari hupita kando ya mabomba ya moshi. Mabomba hayo yakitoboka kwa kutu, moshi huingia walipo abiria.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Kwetu ni rahisi kusema ni malaria. Jiulizeni: je, tumeumwa wawili au watatu kwa pamoja? Je, hakuna homa? Je, tukitoka nje tunapata nafuu? Kama ndivyo, zimeni injini, mtoeni mgonjwa kwenye hewa safi na kumpeleka hospitali mara moja.

6. Petroli mdomoni na kwenye chupa ya soda

Desturi ya kunyonya petroli kwa mpira ni mbaya. Tone dogo likiteleza na kuingia katika mapafu huleta kichomi kikali cha kemikali. Nunueni pampu ndogo ya mkono.

Hatari kubwa zaidi ni mtoto anayekuta petroli, mafuta ya taa au mafuta ya breki katika chupa ya soda. Nayo dawa ya kutia katika rejeta ina ladha tamu, lakini huharibu figo na huweza kuua. Kila kitu kikae katika chombo chake chenye jina, juu, ndani ya kabati lenye kufuli.

Mtoto akinywa petroli, msimtapishe, kwa sababu inapopanda tena ndipo huingia mapafuni. Wala msimpe maziwa. Watu wengi huamini kwamba maziwa huua sumu, lakini huweza kumfanya atapike. Mvueni nguo zilizolowa, mpangusieni mdomo, mkimbizeni hospitali pamoja na chombo alichonywea.

Mikono nayo isinawishwe kwa petroli, maana huondoa mafuta ya ngozi na kuleta vidonda. Sabuni na majivu laini au unga wa mbao vyatosha. Oili chafu isikae mwilini, kwani ikizoea ngozi kwa miaka mingi huweza kuleta saratani. Isimwagwe karibu na kisima.

7. Betri

Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche moja. Sigara na kibatari vikae mbali. Unapoifungua, anza na waya uliofungwa kwenye bodi ya gari, na unapoirudisha uwe wa mwisho. Katika magari mengi waya huo ni hasi, lakini baadhi ya magari ya Uingereza ya zamani, zikiwamo Land Rover za mwanzo, ulikuwa chanya. Tazama kwanza.

Katika Volkswagen ya kobe betri hukaa chini ya kiti cha nyuma. Springi za kiti zikigusa nguzo za betri, kiti huwaka moto. Hakikisha kifuniko chake kipo.

Tindikali ikiingia jichoni, usisubiri. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usitie maziwa wala dawa ya kienyeji. Vaa miwani ya kinga tangu mwanzo.

8. Kuchomelea

Usichomelee tangi la petroli, hata likiwa tupu. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kumbuka kwamba katika baadhi ya Land Rover za zamani tangi liko chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo litoe kabla ya kuchomelea sakafu. Watoto wasitazame mwanga wa kuchomelea. Macho huanza kuwasha na kuuma saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku.

9. Ukitaka kulibadilisha gari

Wengine hufunga injini kubwa zaidi, magurudumu mapana au springi fupi. Tunashauri breki zitangulie kabla ya mwendo. Breki za ngoma zilizotosha injini ya zamani huenda zisilisimamishe gari lenye nguvu mpya. Mikanda nayo ni muhimu. Volkswagen na Land Rover nyingi za zamani zilitoka kiwandani bila mikanda, ingawa Volvo walianza kuweka mkanda wa pointi tatu mwaka 1959. Ifungwe mahali pagumu palipoimarishwa, siyo kwenye bati jembamba la bodi. Kama hujui mahali hapo, mwite fundi.

Tukubaliane nyumbani

Tunazisihi familia zikae pamoja na kupanga mambo machache kabla gari halijaguswa: mahali pa kazi pawekewe kamba ambayo mtoto haivuki, siku ya breki na ya msasa iwe siku ya watoto kwenda kwa shangazi, ndoo ya maji safi, sabuni na mchanga wa kuzimia moto viwe karibu, na nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala. Akina mama msione haya kuuliza habari za barakoa na stendi. Vumbi hilo ni lenu pia.

Na wewe baba, unapohesabu bei ya kioo cha taa na ya kabureta, tia katika hesabu hiyo stendi mbili, miwani na barakoa, tena uvinunue kwanza. Gari limesubiri miaka 40 chini ya mwembe. Litasubiri mwezi mmoja zaidi.