Winchi ya Lori Kuukuu la Jeshi: Jinsi ya Kuitunza na Kutafuta Kasoro Yake

Watu wengi wa pwani wamepata kuona lori kuukuu la jeshi lenye chombo kizito mbele yake, karibu na bampa, kilichoviringwa waya nene ya chuma. Chombo hicho ni winchi. Kazi yake ni kulivuta lori lenyewe litoke matopeni, au kuvuta mzigo ambao watu hawawezi kuukokota, kama vile mashua inayopandishwa ufukoni au gogo lililoanguka njiani.

Lori la namna hiyo lililojulikana kupita mengine ni GMC ya Marekani, iliyoundwa tangu mwaka 1941 hata 1945, zaidi ya malori 500,000. Waingereza nao walikuwa na Bedford, na kampuni za safari za Afrika Mashariki zilitumia Bedford zilizotoka jeshini kwa miaka mingi baada ya vita. Malori ya GMC yaliyosalia yana umri wa miaka 80 na zaidi, na mtu akilipata moja huona kwanza magurudumu na injini. Winchi huikumbuka siku anapokwama, na siku hiyo si siku ya kujifunza.

Yafaa kujua nguvu inapita njia gani. Injini huzungusha gia ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Gia hiyo huzungusha shafti ndefu inayopita chini ya lori mpaka mbele. Hapo shafti hushikana na chuma chenye msokoto kama wa parafujo, na chuma hicho hulisukuma gurudumu la meno polepole, kwa nguvu nyingi. Gurudumu ndilo linalozungusha ngoma, yaani kile kipande cha duara kinachoviringiwa waya.

Basi tuseme dereva ametia gia ya winchi, ameachia klachi, injini inanguruma, lakini ngoma haisogei. Fundi asiye na subira atafungua winchi yote. Fundi mwenye akili ataufuata mwendo wa nguvu tangu mwanzo, akitazama kwa mbali tu bila kutia mkono. Ikiwa shafti ya chini haizunguki, kasoro iko nyuma, na mara nyingi ni mkono wa gia ambao haukuingia sawasawa. Ikiwa shafti inazunguka na chuma cha msokoto kimesimama, pini imekatika. Ikiwa vyote viwili vinazunguka na ngoma imetulia, basi meno yanayoishikiza ngoma hayajaingizwa. Wenye kuvuta waya kwa mkono huyaachia, kisha wakasahau kuyarudisha.

Hiyo pini yataka maelezo zaidi, kwa kuwa imewaponza wengi. Ni kipande kidogo cha chuma laini, nacho kimewekwa makusudi kiwe kinyonge kuliko vyuma vingine vyote. Mzigo ukizidi, pini hukatika, na waya na gia husalimika. Watu huchoka kuibadili, wakatia bolti ngumu au msumari mnene. Winchi haitasimama tena, ni kweli, lakini safari nyingine kitakachokatika kitakuwa waya, au jino la gia lisilopatikana dukani. Pini mbili tatu za akiba, za chuma kile kile na unene ule ule, ziwekwe katika sanduku la zana. Kabla ya kutia mpya, injini izimwe kabisa.

Kasoro nyingine ni mzigo kurudi nyuma mara klachi inapokanyagwa. Hapo breki ya winchi imelegea au imeingia mafuta. Hukazwa kidogo kidogo na kujaribiwa; ikikazwa mno hupata moto na kuungua. Ama mafuta ya gia, yatazamwe rangi. Yakiwa kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa na chembe zinazometa kama dhahabu, gurudumu la meno, ambalo huwa la shaba nyeusi, linalika, na haifai kungoja.

Mahali kama Mkomani, palipo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, adui mkubwa ni chumvi. Upepo wa bahari huileta hata kwa lori lisilokaribia maji. Kutu ya waya huanza ndani, kati ya nyuzi, mahali jicho lisipofika, na waya iliyopakwa grisi nene nje huweza kuwa imeoza katikati. Kwa hiyo waya ikunjuliwe yote, ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikauke, kisha ipakwe mafuta mepesi yanayopenya. Wakati wa kuikagua ipitishwe katika kitambaa, wala si katika kiganja kitupu, maana uzi mmoja uliokatika huchana mkono. Katika urefu wa msokoto mmoja kamili, zikionekana nyuzi sita zilizokatika, au tatu katika kishikizo kimoja, waya hiyo haifai tena kuvuta.

Winchi ya GMC ilikadiriwa kuvuta ratili 10,000, kiasi cha tani nne na nusu, lakini ni pale tu waya inapokuwa mzunguko wa chini kabisa katika ngoma. Kila tabaka linaloongezeka hupunguza nguvu. Kwa hiyo ni afadhali kufunga mbali, ila mizunguko mitano ibaki katika ngoma. Lori tupu lina zaidi ya tani nne. Likiwa na shehena na limezama mpaka ekseli, halitoki hivi hivi. Shehena ishushwe, au kapi lifungwe mtini na ncha ya waya irudishwe katika lori lenyewe. Nguvu itakuwa maradufu na mwendo nusu. Lakini mti nao utabeba maradufu, na mnazi una mizizi mifupi. Mwembe mpevu ni bora, na mnyororo ufungwe chini, karibu na ardhi.

Waya ikikatika hurudi kama mjeledi, na imekwisha kuua watu. Gunia zito au blanketi litupwe juu yake katikati. Watazamaji, na hasa watoto, wakae mbali kupita urefu wa waya iliyokunjuliwa, wala mtu asiivuke inapokuwa imekazwa. Kazi ikiisha, waya irudishwe katika ngoma ikiwa na mzigo mwepesi unaoikaza, safu kwa safu, na mikono iwe mbali na ngoma.