Namba za Bondeni, Hewa ya Masisi

Roc, kisahani cha masafa ya kati ambacho kampuni ya Innova ya Kalifornia ilianza kukiuza 1987, hupewa namba nne: 4, 4, 0 na 3. Buzzz ya Discraft, iliyotoka Michigan 2003, ina 5, 4, -1 na 1. Namba ya kwanza ni mwendo kinaoutaka, ya pili ni kuelea. Ya tatu inaeleza kinavyogeukia kulia kikiwa bado na kasi, mrushaji akiwa wa mkono wa kulia aliyeuvuta mkono kupitia mbele ya kifua. Ya nne ni kukunja kushoto kasi inapokwisha. Kwa namba hizo huongezwa ushauri ambao wachezaji wa gofu ya visahani huupokea kama sala: kwa masafa ya kati chukua kizito, gramu 175 na kuendelea, maana kizito hakiyumbi. Ushauri huo ni wa kweli kule ulikozaliwa. Ukiupandisha hadi vilima vya Rubaya, katika Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye mita 2,000 hivi juu ya bahari, unageuka kuwa kosa.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Ni gofu isiyo na kirungu wala kishimo: unarusha kisahani kuelekea kikapu chenye minyororo, na anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Mmarekani Ed Headrick alitengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu kule Oak Grove, Kalifornia, 1975, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA. (Alipofariki 2002, majivu yake yalichanganywa katika plastiki ya visahani, kwa wosia wake mwenyewe.) Leo viwanja vichache vipo hata Uganda na Kenya. Rubaya inajulikana kwa jambo jingine kabisa, koltani, madini yanayotoa tantali. Ila mtu akitafuta mahali pa kuupima ushauri wa gramu 175, hatapata pazuri kuliko malisho ya Masisi: nyasi fupi zilizokatwa na ng'ombe, mikaratusi imesimama mistari, ukungu wa asubuhi, na mteremko kila unakogeuza uso.

Kisahani hakipai kwa nguvu za mkono peke yake. Hewa ndiyo inayokibeba, na ndiyo pia inayokizuia, inayokigeuza kulia na kukikunja kushoto. Kwenye mita 2,000 hewa ina uzito wa karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Msukumo wa hewa hufuata uzito wake na mraba wa kasi. Kwa hiyo kisahani kilichotoka mkononi Rubaya kwa kilomita 100 kwa saa kinasukumwa na hewa sawa na kilichorushwa pwani kwa kilomita 90 hivi. Mkono umefanya kazi ya 100, kisahani kimepokea 90. Kinakuwa kikaidi: kule kugeuka kulia kulikoahidiwa na namba ya tatu hakutokei, au kunatokea kidogo, kisha kinaanguka kushoto mapema. Mchezaji aliyezoea Dar es Salaam angedhani amerusha vibaya, na pengine angeanza kuurekebisha mkono ambao hauna kosa.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kubadili umbo, yaani kuacha Roc na kuchukua kisicho kikaidi sana, kama Buzzz. Si dawa mbaya, ila kuna iliyo sahihi zaidi, na hesabu yake inaingia kwenye kiganja. Jinsi kisahani kinavyopaa hutegemea uwiano wa uzito wa hewa na uzito wa kisahani chenyewe. Hewa ikipungua kwa sehemu moja kati ya tano, punguza kisahani kwa sehemu hiyo hiyo, na uwiano unarudi ulipokuwa. Kanuni za PDGA zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, kwa hiyo kisahani cha sentimita 21.7, kipimo cha kawaida cha masafa ya kati, hakivuki gramu 180. Asilimia 80 ya 180 ni 144. Maana yake, umbo lile lile, kasi ile ile na mzunguko ule ule, kisahani cha gramu 145 Rubaya kitafuata karibu njia ile ile ambayo cha gramu 180 kingeifuata Mombasa. Visahani vya gramu 150 vinauzwa, lakini wauzaji huviweka kwenye rafu ya watoto na wanaoanza, na mwanamume mzima huona haya kuvinunua. Haya hiyo inamgharimu.

Mwenye uzoefu atapinga hapo hapo: chepesi kinachezewa na upepo, na milimani upepo haukosi. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau kwamba upepo nao ni hewa. Hewa nyepesi hupiga kwa wepesi. Uwiano ule ule unaorudisha kuelea ndio unaorudisha uthabiti, na gramu 145 mbele ya upepo wa Rubaya zinayumba kama gramu 180 mbele ya upepo wa kasi hiyo hiyo pwani, si zaidi. Kinachobaki kweli katika pingamizi ni kwamba milimani upepo wenyewe unaweza kuwa mkali zaidi, tena hubadilika ghafla ukivuka mgongo wa kilima. Kwa siku hizo ningekubali gramu kumi za nyongeza. Gramu thelathini na tano, hapana.

Mteremko unaizidisha hoja hii. Kisahani kinachorushwa kuteremka kinakaa hewani muda mrefu kuliko cha uwanja tambarare, na dakika za mwisho, tukiziita hivyo ingawa ni sekunde, ndizo za kukunja kushoto. Kizito na kikaidi kitakunja mpaka kisimame kwa ukingo, na kikigusa ardhi hivyo hakilali: kinabingirika. Katika bustani ya tambarare huo ni msiba wa mita tano. Kwenye malisho ya Masisi kinaweza kushuka hadi mtoni. Kinachotua kikiwa bapa hubaki kilipoangukia, na ili kitue bapa kinahitaji hewa ikibebe hadi mwisho. Kurusha kupanda kuna tatizo lake: mkono huufuata mlima kwa macho, pua ya kisahani huinuka, mwendo hufa katikati.

Hapo ndipo mshiko unapoingia. Ipo miwili inayogombaniwa. Mshiko wa ngumi hukunja vidole vyote vinne chini ya ukingo, dole gumba juu. Unatoa nguvu na mzunguko mwingi, na hutumiwa sana kwa madereva, yaani visahani vya mbali vyenye ukingo mpana. Mshiko wa upepeo hutandaza vidole chini ya sahani, kidole cha shahada kikibaki ukingoni. Unapoteza nguvu kidogo, lakini mkono unajua pua inaelekea wapi. Ukingo wa masafa ya kati ni mwembamba, na vidole vinne vilivyokunjwa hapo husongamana. Mimi naona wa katikati ndio unaofaa: shahada na cha kati vikunjwe ukingoni, viwili vilivyobaki vitandazwe kuitegemeza sahani. Wapo watakaosema kuwa hewa nyepesi inadai nguvu zaidi, hivyo ngumi ni lazima. Wangekuwa sahihi kama tungebaki na gramu 180. Tukishapunguza uzito, deni la nguvu limelipwa, na kinachobaki kudaiwa ni pua. Mvua za Kivu zinadai jambo jingine dogo: kukipangusa kisahani kwa kitambaa kikavu, na mbano uliokazwa kati ya dole gumba na shahada, kwani plastiki iliyolowa huponyoka hapo kwanza.

Kuna pingamizi la aina nyingine, na si la kukwepa. Rubaya imo mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Makadirio yanayotajwa sana yanasema karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia hutoka kwenye vilima vyake, na wanaoichimba kwa sepetu hawana Jumamosi ya kurusha plastiki. Kuzungumzia gramu za kisahani mahali hapo kunaweza kuonekana ni utani mbaya. Lakini hesabu hii haingoji amani ya Masisi ili iwe kweli, na haiwahusu wa Masisi peke yao. Nairobi iko juu ya mita 1,600, Goma na Kigali karibu 1,500, Kampala kama 1,200. Visahani vinavyofika huko vimepewa namba na watengenezaji wa Kalifornia, Michigan, au Skellefteå, mji wa Sweden ulio karibu na bahari, na hakuna aliyezisahihisha njiani.

Kwa anayeweza kupata kimoja tu, na katika nchi zetu wengi ndivyo watakavyoanza, ningesema achukue plastiki ya bei ya chini, ile laini inayong'ang'ania kidole hata kwenye manyunyu. Watu huidharau kwa sababu inachakaa upesi. Kuchakaa kwenyewe ni faida: kila kinapogonga mti au jiwe ukingo unabadilika, na ukaidi wake unapungua. Wachezaji wa zamani wa Roc walikuwa na desturi ya kubeba tatu za umbo moja, mpya, ya wastani na kuukuu, kila moja kwa kazi yake. Mtu wa milimani atakipenda kuukuu mapema kuliko wao. Akianza na gramu 150 na mawe ya Masisi, hata msimu mmoja huenda usipite.