Hedhi Ikikoma, Mwili Unalia Njaa

Je, binti yako hukimbia alfajiri kwenye vilima vya Fort Ternan, kisha hunywa chai bila kitafunio ili abaki mwepesi? Basi soma haya kwa makini.

Chakula kinapopungua, ubongo hudhani kuna ukame. Homoni za tezi ya shingoni hushuka, na mwili huanza kubana matumizi: moyo hupiga polepole, mikono huwa baridi, choo huwa kigumu. Mnamo 1945, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea kwa miezi sita. Nishati iliyotumiwa na miili yao wakiwa wamepumzika ilishuka kwa takriban asilimia 40.

Kwa msichana, ubongo pia hunyamazisha ovari. Homoni ya estrojeni hupungua, hedhi hukoma na mifupa hudhoofika, hata ipate nyufa. Baadhi ya wanariadha hufurahia hedhi kukoma wakidhani ni ishara ya mazoezi bora. Sivyo. Wavulana nao hawasalimiki, kwani homoni zao za kiume hushuka.

Ufanye nini? Usimkemee. Mwongezee ugali, maharagwe, mayai na mursik, hasa baada ya mazoezi. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, mpeleke kwa daktari, ambaye pia atahakikisha si mimba. Ikiwa amekonda kupindukia au huzimia, usimshibishe kwa ghafla nyumbani. Hilo laweza kuudhuru moyo. Mkimbize hospitalini.