Kazi ya Mtafiti Hupimwaje?



Kazi ya mtafiti wa magonjwa ya ubongo hupimwa kwa idadi ya makala alizochapisha na mara ambazo watafiti wengine wamezinukuu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza namba moja inayounganisha mambo hayo mawili: mwenye 20 ana makala 20, kila moja ikiwa imenukuliwa angalau mara 20.

Kipimo hiki kinasaidia, lakini hakioni kila kitu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanganyika, mwaka 1960. Wagonjwa wengi walikuwa wametengwa, watu wakiamini kwamba kifafa huambukiza. Aliwapa dawa, na mwaka 1965 akachapisha makala kuhusu kifafa cha eneo hilo. Aliona pia watoto walioinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia.

Miaka arobaini baadaye, dalili hizo zilionekana kwa watoto wengi wa kusini mwa Sudan na kaskazini mwa Uganda. Watafiti wakayarudia maandishi ya Mahenge. Leo ugonjwa huo unahusishwa na usubi, unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni na ambao unaweza kuzuilika.

Hivyo tunaposoma taarifa za miradi, tusiishie kwenye namba. Tuulize pia: nani amepata nafuu, na je, kumbukumbu zimetunzwa kwa ajili ya watakaozihitaji kesho?