Barafu Ikipungua, Ni Mwani Gani Unaobaki?

Ukitoboa barafu ya Bahari ya Aktiki mwezi wa Mei, mche wa barafu unaotoka kwenye keekee huwa mweupe karibu wote. Ugeuze chini juu, utaona sentimita chache za mwisho, zile zilizokuwa zikigusa maji, zina rangi ya kahawia iliyokolea. Hiyo kahawia ina uhai. Ni mwani wa hadubini, hasa diatomu, viumbe vya seli moja vinavyojipikia chakula kwa mwanga wa jua na kujijengea ganda la silika.

Maji ya bahari yanapoganda, chumvi haigandi nayo. Hujitenga na kubaki kwenye vijifereji vyembamba ndani ya barafu, na maji ya humo huwa na chumvi kali kiasi kwamba hayagandi hata baridi ishuke nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Diatomu huishi humo. Fragilariopsis cylindrus, mojawapo ya zinazojulikana zaidi, hutoa protini inayong'ang'ania fuwele za barafu na kuzizuia zisiendelee kukua. Mwingereza Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea aliyefuatana na James Clark Ross kwenda Antaktiki kati ya 1839 na 1843, aliiona barafu yenye madoa ya kahawia na akajua kwamba ni diatomu. Kwa hiyo habari za mwani huu si ngeni. Kigeni ni kasi ya mabadiliko ya makazi yake.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama joto linauua mwani huo au linauongeza. Mwulizaji huwa anafikiria nyuzi za kipimajoto. Kwenye ncha za dunia, joto hufanya kazi yake kubwa kwa njia ya kuzunguka: linaondoa barafu, na barafu ndiyo inayoamua mwanga ufike wapi na lini. Barafu nene iliyofunikwa theluji huzuia takriban mwanga wote. Ikiwa nyembamba, na juu yake kukajikusanya madimbwi ya maji yaliyoyeyuka, mwanga hupenya. Mwezi wa Julai 2011, watafiti waliokuwa na Kevin Arrigo wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwa kwenye meli ya Kimarekani Healy katika Bahari ya Chukchi, walikuta mwani umesheheni majini chini ya barafu yenye unene wa kama mita moja, ukiendelea zaidi ya kilometa 100 ndani ya eneo la barafu. Hadi hapo wengi waliamini kwamba mahali pale ni giza tu.

Miaka tisa baadaye Arrigo na wenzake walitoa hesabu ya Bahari ya Aktiki nzima, iliyotokana na vipimo vya setilaiti: kati ya 1998 na 2018, chakula kinachozalishwa na mwani kiliongezeka kwa asilimia 57. Katika muongo wa kwanza, ongezeko lilitokana zaidi na eneo la maji yasiyo na barafu kupanuka. Baadaye mwani wenyewe ulizidi kuwa mwingi majini, dalili kwamba virutubisho vipya vilikuwa vinaingia kutoka kwingineko. Mtu akiishia hapo atasema joto limeleta neema. Mimi naiona asilimia hiyo kuwa kweli inayopotosha ikisomwa peke yake, kwa kuwa haisemi ni mwani gani ulioongezeka, wala ulitokea mwezi gani.

Tuanze na mwani gani. Barafu ikiyeyuka humwaga maji matamu, na maji matamu ni mepesi, hivyo hukaa juu ya maji ya chumvi kama samli juu ya mchuzi. Virutubisho, hasa naitrojeni, vimebaki chini, na tabaka hilo la juu huvizuia visipande. Anayeweza kuishi kwa riziki hiyo haba ni mwani mdogo kabisa, maana seli ndogo ina eneo kubwa la kufyonzea ikilinganishwa na ujazo wake. Katika Bonde la Kanada, upande wa Aktiki ulio kaskazini mwa Alaska na Kanada, vipimo vya kuanzia 2004 hadi 2008 vilionyesha hivyo hivyo: maji ya juu yalipata joto na kupungua chumvi, seli ndogo kama za mwani uitwao Micromonas, zisizofika hata sehemu mbili za elfu za milimita, zikazidi, na zile kubwa kidogo zikapungua. Seli hizo ni ndogo mno kwa wanyama wengi wanaokula diatomu. Lazima kwanza ziliwe na viumbe vya seli moja, ndipo hao waliwe na wakubwa zaidi, na kila hatua inayoongezwa kwenye mnyororo wa chakula hupoteza takriban sehemu tisa katika kumi za nishati.

Sasa wakati. Kwenye ghuba ya Rijpfjorden, kaskazini mwa visiwa vya Svalbard, mwaka 2007, mwani wa barafuni ulistawi mwishoni mwa Aprili, na ule wa majini ukafuata mapema Julai barafu ilipovunjika. Kuna mdudu wa maji wa milimita chache, Calanus glacialis, aliyepanga maisha yake juu ya pengo hilo la miezi miwili. Majike hula mwani wa barafuni wapate nguvu za kutaga, na watoto hukua na kuwa tayari kula karamu ya Julai inapofika. Barafu ikivunjika mapema, karamu huja kabla ya walaji. Hapo mwani waweza kuwa tele, na bado mdudu yule, ambaye kwa mafuta yake hulisha samaki na ndege wa baharini wa Aktiki, akakosa.

Kusini mambo yana sura yake. Rasi ya Antaktiki, upande wa magharibi, ni kati ya sehemu zilizopata joto haraka sana duniani katika nusu ya pili ya karne ya 20. Utafiti uliotolewa 2009 ulionyesha kwamba klorofili, rangi ya kijani inayotumiwa kupima wingi wa mwani, ilikuwa imepungua huko kwa asilimia 12 ndani ya miaka 30. Sehemu za kaskazini mwa eneo hilo ndizo zilizopoteza, na kusini zaidi, barafu ilikopungua na mwanga kuingia, mwani uliongezeka. Kaskazini, diatomu kubwa zilikuwa zikiwaachia nafasi seli ndogo. Hilo linamgusa krili, jamaa wa uduvi, ambaye hupendelea diatomu na ambaye watoto wake hupita majira ya baridi wakila mwani ulioshika chini ya barafu. Salpi, mnyama mwororo kama mrenda, huchuja hata seli ndogo bila taabu, ila wanaoweza kunenepa kwa kumla ni wachache.

Nyangumi wenye nundu wanaoonekana Watamu na Unguja kati ya Julai na Oktoba huja kuzaa, na wakiwa huku karibu hawali chochote. Wanaishi kwa mafuta waliyoyapata kwa krili wa Bahari ya Kusini. Hawa wetu hawali kwenye Rasi ile, kwa hiyo si haki kuwabebesha hasara yake. Lakini nao hutegemea krili, na krili hutegemea barafu.

Kuna pia mwani unaozama. Mwaka 2012, mwaka ambao barafu ya Aktiki ilipungua kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kuipima, Antje Boetius na wenzake kwenye meli ya Kijerumani Polarstern walipeleka kamera kwenye sakafu ya bahari, kina cha zaidi ya mita 4,000. Walikuta mabonge ya Melosira arctica, diatomu inayoning'inia chini ya barafu kwa nyuzi ndefu, yametapakaa yakiwa bado mabichi, na majongoo bahari wakiyala. Barafu iliyoyeyuka iliyaachia yakaanguka, na kaboni yake ikashuka nayo.

Setilaiti iitwayo PACE, iliyorushwa na NASA Februari 2024, inachambua rangi za bahari kwa undani wa kutosha kusaidia kutofautisha makundi ya mwani, jambo ambalo setilaiti za awali zililiweza kwa shida. Haioni kupita barafu wala mawingu, na miezi ya giza la ncha haina mwanga wa kupima. Kwa sehemu hizo, kazi bado inafanywa kwa keekee na hadubini, mche mmoja baada ya mwingine.