Kichwa cha Mvuke Chenye Jina la Uluguru

Wengi wanaojaribu kujenga kichwa cha treni ya mvuke kwa vitofali vya kuchezea huanza na boila, kwa kuwa ndiyo inayovutia macho. Ushauri wangu ni kuanza na gurudumu. Vitofali hupangika utakavyo, lakini gurudumu linauzwa kwa saizi ya kiwandani, na saizi hiyo ndiyo itakayoamua urefu wa mtambo, upana wake na kama utapita kwenye kona au utaacha njia.

Tuchukue mfano ambao watu wa Morogoro wana haki ya kuudai kuwa wao. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, kiliunda vichwa 34 vya kundi la 59 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Vilipewa majina ya milima ya eneo hilo. Namba 5931 kiliitwa Milima ya Uluguru, ile ya Morogoro, na 5926 kikapewa jina la Kimhandu, kilele cha juu kabisa cha Uluguru, kinachozidi mita 2,600. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani, havikuwahi kutokea vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivi: urefu mita 31.7, uzito takriban tani 250.

Cha ajabu, kazi ya vichwa hivi ilikuwa hasa kati ya Mombasa na Nairobi. Kila ekseli ya magurudumu makubwa iliibebesha njia tani 21 hivi, na Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, ilikuwa nyepesi mno kwa mzigo huo. Leo vimebaki viwili tu, Gelai na Shengena, na vyote viko kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi. Cha Uluguru hakipo tena. Mwenye kukitaka akijenge.

Sasa hesabu. Reli ya kuchezea ya LEGO ina upana wa milimita 37.5 hivi. Ukisema upana huo usimame badala ya mita moja ya kweli, unapata uwiano wa karibu 1 kwa 27, na kichwa chako kitakuwa na urefu wa mita 1.2. Gurudumu lake, ambalo kwenye mtambo halisi lina kipenyo cha milimita 1,372, litahitaji milimita 51. Gurudumu kubwa la treni la kampuni hiyo lina milimita 30 tu bila kuhesabu ukingo wake. Basi tugeuze hesabu tuanzie hapo: 1,372 kwa 30 ni uwiano wa 1 kwa 45 hivi. Mtambo unakuwa na sentimita 70, na upana wa vinundu 8 na nusu (vinundu ni vile vidude vya juu ya kitofali), ambao utaukata hadi 8. Gharama yake ni kwamba reli itaonekana pana kupita kiasi, kana kwamba Mombasa ilikuwa na reli ya mita 1.7. Mimi nakubali uongo huo bila kusita. Jicho la mtazamaji hukaa kwenye magurudumu na fito zinazoyaunganisha, na ni wachache watakaoinama kupima njia.

Lakini mtambo wa sentimita 70 utapitaje kona ya kuchezea, ambayo nusu kipenyo chake ni sentimita 32? Jibu lilishapatikana zamani. Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt alisajili hataza yake mwaka 1907: boila ining'inizwe katikati, na kila upande iegemee kwenye gari la magurudumu linalojizungusha lenyewe. Vichwa vya kundi la 59 ni vya mtindo huo. Kwa mjenzi wa vitofali hii ni neema, maana kila gari lina ekseli nne tu za kuendesha. Weka magurudumu yenye ukingo kwenye ekseli ya kwanza na ya nne, na yasiyo na ukingo kwenye mbili za kati, nayo yatateleza juu ya reli penye kona bila kung'ang'ania.

Fito za pembeni zina kanuni yake. Kwenye mtambo wa kweli, upande wa kulia na wa kushoto hutofautiana kwa nyuzi 90, ili pistoni ya upande mmoja inapofika mwisho wa safari yake na kukosa nguvu ya kuzungusha, ya upande wa pili iwe katikati ya kazi. Ukizipanga sawasawa pande zote mbili, ekseli zisizo na mota zinaweza kugeukia nyuma na fito zikakwama. Bahati nzuri tundu la gurudumu la kuchezea lina umbo la msalaba, kwa hiyo ekseli inaingia kwa mikao minne pekee. Chomoa gurudumu la upande mmoja, lizungushe robo, lirudishe. Kazi imekwisha.

Boila ndiyo inayowashinda watu, maana ni kutoa duara kwenye miraba. Siri iko kwenye vipimo: kibamba kimoja, yaani kitofali chembamba, kina unene wa milimita 3.2, na kinundu kimoja kina nafasi ya milimita 8. Vibamba 5 vikipandishana vinafika milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu 2. Jenga kiini cha mraba huo katikati, tumia vitofali vyenye vinundu ubavuni, kisha bandika vipande juu, chini na pande zote mbili, vinundu vikitazama nje. Pembe nne zinazobaki zizibwe kwa vipande vya mviringo. Boila halisi ilikuwa na kipenyo cha mita 2.29, kwa uwiano wetu ni milimita 51, yaani vinundu 6 na ziada kidogo. Rangi ni damu ya mzee, na maandishi ya njano.

Mota zifiche kwenye matangi ya maji, moja mbele na moja nyuma. Kwa kuwa magari hayo yanatazamana kinyume, ya nyuma ibadilishiwe mwelekeo wa umeme, la sivyo mtambo utavutana wenyewe kwa wenyewe. Usihangaike kuyalinganisha mapigo ya magari mawili. Hata kwenye mtambo halisi kila gari lilikwenda kwa mapigo yake.

Vitofali haviuzwi bei ya kutupa, kwa hiyo chora kwanza kwenye kompyuta. Mfumo wa LDraw, ulioanzishwa na James Jessiman mwaka 1995, unapatikana bure na una maelfu ya vipande. Humo ndimo utakamogundua kasoro moja ya mtindo wa Garratt ambayo picha hazionyeshi. Maegemeo mawili ya boila yakiwa umbali wa sentimita 28, katikati ya boila itaingia ndani ya kona kwa zaidi ya sentimita 3. Ongeza nusu ya upana wa mtambo, na utahitaji kama sentimita 7 kutoka katikati ya njia kabla ya kuweka kitu chochote. Kwa hiyo kama utaijenga na stesheni ya Morogoro, iweke penye reli iliyonyooka.