Utalii wa Mlima Kenya kwa Macho ya Wenyeji

Mlima Kenya ulikuwa na wenyewe kabla haujaitwa mbuga. Kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, makao ya Ngai, yaani Mungu, na wazee huomba wakiuelekea. Mwaka 1949 sehemu yake ya juu ilitangazwa mbuga ya taifa, na mwaka 1997 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Leo mpandaji anayeanzia lango la Naro Moru au la Sirimon hulipa kiingilio kwa Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS), nao vijana wa vijiji vya jirani hupata ujira wa kubeba mizigo, kupika na kuongoza njia.

Ujira huo unalisha nyumba nyingi, na ndiyo maana wenyeji hawabishani kama wageni waje au wasije. Wanachouliza ni mali ni ya nani, na mgeni akomee wapi.

Kuhusu mali, mfano ulio karibu ni Il Ngwesi, kaskazini mwa mlima, ambako Wamaasai wa Laikipia walifungua loji yao mwaka 1996 katika ardhi yao wenyewe. Mapato yamesaidia karo, afya na ulinzi wa wanyama. Upande wa Nyeri hali ni tofauti. Sheria za misitu za mwaka 2005 na 2016 huruhusu vyama vya jamii kutiliana saini mikataba na Huduma ya Misitu Kenya ili viendeshe shughuli msituni, utalii ukiwemo, lakini msitu wenyewe hubaki wa serikali. Kibali cha kutumia hakilingani na hati ya kumiliki.

Swali la pili, mgeni akomee wapi, ni zito zaidi. Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, ndipo masimulizi yanaposema Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, waliishi. Hoteli ilianza kujengwa hapo, ikakwama, na magofu yake yakabaki kwa miaka mingi karibu na mahali pa ibada. Wazee waliona ni unajisi: mahali pa kutolea kafara hapawi mahali pa kulala wageni na kunywa pombe. Hawakukataa historia yao isimuliwe. Walikataa kupangiwa na wengine isimuliwe wapi na vipi. Kosa hilo lingeepukwa kwa kuwauliza wazee wa kiama, yaani baraza la wazee, kabla ya kuchimba msingi.

Kwamba mipaka ya namna hiyo huwezekana, Kaya Kinondo huko Kwale inathibitisha. Wadigo hupokea wageni katika msitu wao mtakatifu, lakini mgeni hujifunga kaniki, hufuata mwongozaji wa kijijini, hachumi hata jani, na haruhusiwi kufika sehemu za ibada. Miti mitakatifu ya mugumo ya Nyeri inaweza kulindwa kwa masharti yaleyale, mradi yatungwe na wanaoomba chini yake na yaandikwe katika mkataba kabla mgeni wa kwanza hajafika.